Paris ya Vichochoroni

Mwaka 1865 manispaa ya Paris ilimkabidhi mpiga picha Charles Marville orodha ya mitaa. Ilikuwa mitaa iliyokwisha kuamuliwa ibomolewe, na kazi yake ilikuwa kuipita mmoja baada ya mwingine, kuipiga picha, na kuzipeleka picha hizo kwenye ofisi ya historia ya jiji. Marville alizaliwa humohumo Paris mwaka 1813, na alikuwa fundi wa hali ya juu katika kazi iliyokuwa ngumu kwelikweli. Bamba la kioo lilipakwa dawa papo hapo, likatiwa kwenye kamera likiwa bado bichi, likasafishwa kabla halijakauka. Dakika chache zikizidi, bamba limeharibika. Kwa hiyo kila kona aliyosimama, alikuwa na chupa zake za dawa na hema lake la giza. Alipomaliza alikuwa amekabidhi picha 425. Wabomoaji wakaingia nyuma yake.

Mwenye mpango wa kubomoa alikuwa Baron Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine kuanzia 1853 hadi 1870, akitekeleza matakwa ya Kaisari Napoleon III. Paris tunayoiona leo kwenye kalenda, yenye barabara pana zilizonyooka na nyumba za ghorofa zilizolingana vimo, ni kazi ya miaka hiyo. Mwaka 1860 vijiji vya pembezoni viliingizwa jijini, wilaya zikaongezeka kutoka 12 hadi 20. Mabomba ya majitaka yalichimbwa, bustani zikapandwa, hewa ikapatikana. Hayo ni mambo mema na watu wengi walinufaika nayo. Lakini vibarua, mafundi viatu na wafuaji waliopanga katikati ya jiji hawakuziweza kodi za nyumba mpya, wakahamia Belleville na kwingineko mbali na kazi zao. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anazifahamu habari za namna hiyo bila kusimuliwa.

Nimezitazama picha za Marville mara nyingi, na kila mara uzuri wake unanikera kidogo. Mawe ya barabara yanang'aa kwa unyevu, mfereji wa maji machafu unapita katikati ya njia, kuta zimejaa maandishi ya maduka, na vichochoro vinajipinda kuingia ndani hadi macho yanapotelea. Watu hawamo. Sehemu ya sababu ni ya kifundi, maana bamba lilihitaji muda na mpita njia hakuacha alama. Lakini picha hizo pia zilipigwa kwa niaba ya mtu ambaye shauri lilikuwa limekwisha kichwani mwake. Mtaa unaaga huku umesimamishwa wima, kama mshtakiwa anayesomewa hukumu.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika miji mingine. Glasgow ilipojiandaa kuvunja vichochoro vyake vya kale, wadhamini wa mpango wa kuuboresha mji walimtumia Thomas Annan, ambaye alivipiga picha kati ya 1868 na 1871. New York ilimpata Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi. Riis aliingia usiku katika vyumba vya wahamiaji, akawasha unga wa kutoa mwanga mkali, na watu wakanaswa wakiwa wamekurupuka usingizini. Kitabu chake cha 1890 kiliwashtua matajiri wa jiji na kusaidia eneo la Mulberry Bend kubomolewa. Mwaka 1897 bustani ilifunguliwa mahali pake. Sitaki kumwonea Riis, kwa sababu nyumba zile zilikuwa zinaua watoto kwa maradhi, naye alitaka zikome kuua. Ninachosema ni kwamba mtaa wa watu wa kawaida, katika miaka yote hiyo, ulikuwa ukipigwa picha na mtu aliyetaka usiwepo.

Ndiyo maana habari za Eugène Atget zinanigusa.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 huko Libourne, karibu na Bordeaux. Wazazi wake walifariki akiwa mtoto, babu na bibi wakamlea, na ujanani akafanya kazi melini. Mwaka 1878 alifika Paris akitaka kuwa mwigizaji. Chuo cha taifa cha uigizaji kilimkataa, mwaka uliofuata kikampokea, kisha mwaka 1881 kikamtoa, maana utumishi wa jeshi wa lazima ulikuwa ukimla muda wa masomo. Akazunguka mikoani na vikundi vya maigizo, akipewa nafasi ndogondogo ambazo jina la mchezaji halikumbukwi. Humo ndimo alimompata Valentine Compagnon, mwigizaji aliyemzidi umri kwa miaka kumi, na hawakuachana tena maisha yao yote. Baadaye maradhi ya koo yakamharibia sauti. Akajaribu uchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1880, akiwa mtu wa miaka thelathini na ushee asiye na kazi inayoeleweka, akashika kamera.

Hakufungua studio ya kupiga watu picha za harusi na vitambulisho vya familia, biashara ambayo wakati huo Paris ilikuwa imejaa. Aliweka tangazo la kuuza vielelezo kwa wasanii: mchoraji aliyehitaji kuona mti, toroli, uzio au ngazi ilivyo, angeipata picha kwake kwa bei ndogo badala ya kwenda mwenyewe kuchora nje. Wateja wake wakawa wachoraji, wapambaji wa majukwaa, wahunzi, wachonga mbao na wasanifu. Mhunzi anataka kigonga mlango cha karne ya kumi na saba ili atengeneze kinachofanana nacho. Seremala anataka mikono ya ngazi. Kwa hiyo Atget alilazimika kwenda vilipo vitu hivyo, na vilikuwa ndani: nyuani, kwenye ngazi za giza, nyuma ya milango ambayo watalii huipita bila kugeuka. Biashara yenyewe ndiyo iliyomwingiza vichochoroni.

Mwaka 1897 serikali ya jiji iliunda tume ya kuangalia masalia ya Paris ya kale, kwani watu walikuwa wameanza kujutia kilichobomolewa. Atget aliiona nafasi hiyo. Maktaba ya historia ya jiji, jumba la makumbusho la Carnavalet, maktaba ya taifa, hata jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, vyote vilianza kununua kwake. Kuanzia hapo hadi kufa kwake, kwa miaka karibu 30, alifanya kazi moja tu ya kuipita Paris kwa miguu na kuipiga picha. Aliacha mabamba yapatayo 8,500.

Inafaa kueleza alivyofanya kazi, maana ndani yake ndimo siri ilimo. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi unaokunjuka, na lilitumia mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24. Ukijumlisha kamera, mabamba, vishikizo vyake na miguu mitatu ya kuisimamisha, mzigo ulifika kilo 20 hivi. Aliubeba mwenyewe, akapanda nao tramu na treni za chini, akapanda nao ngazi. Kamera hizo zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati tangu alipoanza yeye, na kufikia miaka ya 1920, vijana walipokuwa wakitembea na kamera za mkononi, ilikuwa kifaa cha wazee. Hakuiacha. Alizoea kutoka alfajiri, kabla ya magari ya farasi na wauza mboga kujaa njiani. Akitaka kuingiza paa la nyumba katika picha aliiinua lenzi juu ya kiwango chake, na ndiyo sababu pembe za juu za picha zake nyingi zina weusi wa duara. Fundi mwingine angezikata pembe hizo akaficha kasoro; yeye aliziacha. Alirudi nyumbani, akasafisha mabamba, kisha akaweka karatasi iliyopakwa ute wa yai chini ya bamba na kuianika juani hadi picha itokee yenyewe, rangi ya kahawia iliyoiva.

Kati ya 1898 na 1900 aliwapiga picha wamachinga wa Paris: muuza vivuli vya taa, mbeba mikate, mnoa visu, muuza mitishamba. Picha ninayoipenda kuliko zote katika kundi hilo ni ya mpiga kinanda wa barabarani na mwanamke mdogo wa umbo anayeimba kando yake. Mzee mwenye ndevu anatazama kamera kwa uchovu, mkono uko kwenye mpini wa kinanda. Mwanamke ametazama juu, pengine kwenye madirisha ambako sarafu hurushwa, na uso wake umejaa furaha isiyolingana na nguo zake. Atget alikuwa amekaa miaka mingi jukwaani akicheza nafasi za watu wadogo. Nadhani alijua jinsi ya kumwacha mtu mdogo achukue jukwaa zima.

Baada ya hapo watu walipungua katika picha zake, nyumba zikachukua nafasi. Kwa miaka kadhaa kuanzia 1906 aliifanyia maktaba ya historia ya jiji kazi ya kupiga picha wilaya za kati, mtaa kwa mtaa. Alikwenda kwa mpango, akaandika jina la mahali na namba nyuma ya kila picha, na alirudi. Kurudi huko ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Kuna kona katika Rue de Seine, nyumba nyembamba iliyosimama peke yake mbele kama pua ya meli, ambayo aliipiga picha akiwa mtu mzima na akaipiga tena uzeeni. Alizifuata kingo za Bièvre, kijito kilichopita kusini mwa jiji kikibeba uchafu wa viwanda vya ngozi na rangi, na akakipiga picha miaka ya mwisho kabla hakijafunikwa kabisa ndani ya Paris mwaka 1912. Hakuna aliyekuwa akitengeneza kadi za posta za Bièvre. Maji yake yalikuwa meusi na yalinuka.

Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin aliandika mwaka 1931 kwamba Atget aliipiga mitaa hii picha kama mahali palipotendeka uhalifu, kwa jinsi ilivyo mitupu. Kauli hiyo imerudiwa na karibu kila aliyeandika baada yake, nami siikubali. Mahali pa uhalifu watu wamefukuzwa. Katika mitaa ya Atget watu bado wamelala, au wamekwenda kazini, au wamo ila bamba halikuwawahi. Ukitazama vizuri utaona kivuli chepesi cha mtu aliyepita, farasi aliyetikisa kichwa akawa na vichwa viwili, mlango wa baa ulioachwa wazi kidogo. Katika picha ya baa iitwayo Au Tambour, ya mwaka 1908, nyuso za watu zimejitokeza nyuma ya kioo cha mlango zikimwangalia mzee aliyesimama nje na sanduku lake, na kioo hichohicho kimemrudisha yeye na kamera yake. Wanatazamana. Mbele ya Marville sijawahi kuona mtu wa mtaa akimtazama mpiga picha kwa udadisi wa namna hiyo.

Alikuwa na msimamo wa kisiasa pia. Aliyapenda magazeti ya wafanyakazi ya mrengo wa kushoto, na alitoa mihadhara kuhusu maigizo katika vyuo vya jioni vilivyofunguliwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Msimamo huo hakuuandika kwenye picha, lakini unaonekana katika anachochagua. Mwaka 1910 alikusanya albamu ya picha 60 za ndani ya nyumba za Paris: chumba cha tajiri kando ya chumba cha mfanyakazi, cha mfanyabiashara kando ya cha mshonaji. Mtafiti Molly Nesbit, aliyechapisha mwaka 1992 kitabu kuhusu albamu saba za Atget, alionyesha kwamba vyumba kadhaa katika albamu ile vilivyotajwa kuwa vya watu mbalimbali ni vya Atget mwenyewe, ghorofani katika Rue Campagne-Première namba 17 bis, Montparnasse, alikohamia mwaka 1899. Alijiingiza katika orodha ya wakazi wa jiji bila kujitaja.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ameifanya nje ya malango.

Kati ya 1841 na 1844 Paris ilizungushiwa ukuta wa kijeshi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30. Mbele ya ukuta uliachwa ukanda wa mita 250 ambao sheria ilikataza kujenga chochote cha kudumu, ili mizinga ipate uwanja wa kulenga. Ardhi isiyoruhusiwa kujengwa ni ardhi ya bei rahisi. Watu waliosukumwa na kodi za Haussmann, wahamiaji kutoka mikoani, na zaidi ya wote waokota matambara wa jiji, walijenga humo vibanda vya mabati, mbao na karatasi za lami. Watu wa Paris waliuita ukanda huo Zone, na wakazi wake waliogopwa. Magazeti yaliuandika pale tu panapotokea kisu.

Waokota matambara walikuwa na kazi yenye ngazi zake. Usiku walipita mitaani na kapu mgongoni, taa na kijiti chenye ndoano, wakichambua taka zilizomwagwa mbele ya nyumba: matambara yakaenda viwanda vya karatasi, mifupa ikaenda kutengenezwa vifungo na gundi, vyuma kwa wahunzi. Amri ya mkuu wa mkoa Eugène Poubelle, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1884, iliwalazimisha wenye nyumba kuweka taka katika mapipa yenye vifuniko, na maisha ya waokotaji yakawa magumu zaidi. Wengi wakajikuta nje ya malango kabisa, katika makambi ya Ivry, Montreuil, Asnières, Choisy.

Atget alikwenda huko mara kwa mara tangu mwisho wa karne, na mwaka 1913 akaikabidhi maktaba ya taifa albamu ya wakazi wa Zone. Humo watu wamerudi kwenye picha. Familia imesimama mbele ya gari la farasi lililogeuzwa nyumba, mama yuko kwenye ngazi, watoto hapo chini, mbwa mmoja ametikisika. Waokotaji wamekaa juu ya marobota ya matambara huko Asnières, mikono magotini, wakimtazama moja kwa moja. Kuna kibanda ambacho mwenyewe amekitandazia vitu alivyookota vikawa mapambo, na Atget amekiandika kwa jina la heshima ambalo Wafaransa hulitumia kwa nyumba ya bustanini ya mtu mwenye nafasi. Mtu asidhani ni kejeli. Mwenye kibanda alipanga vitu vyake kwa mkono wenye jicho, mpiga picha akaona kwamba jicho lile na lake ni la ukoo mmoja, naye akakipa kibanda kile mwanga uleule na ukubwa uleule wa bamba aliokuwa akiyapa majumba ya mamwinyi.

Hakuna mwanga wa kushtukiza katika picha hizo. Kamera ya miguu mitatu haiibi picha. Inabidi kuisimamisha, kuilenga kwa kujifunika kitambaa cheusi, kutia bamba, na muda huo wote watu wanakuona, wanakuuliza unafanya nini, wanaamua kubaki au kuondoka. Waliobaki walikubali. Ukilinganisha na nyuso zilizokurupushwa na Riis, tofauti ni ya adabu kabla haijawa ya ufundi.

Vita vya 1914 vilimwangukia vibaya. Léon, mwana wa Valentine, aliuawa vitani. Atget alipunguza kupiga picha, mabamba akayahifadhi chini ya jengo asije akayapoteza kwa mabomu. Mwaka 1919 ukuta wa jiji ukaanza kuvunjwa, na pamoja nao Zone ikaanza kuondolewa kidogokidogo. Mwezi Novemba 1920 aliandika barua kwa Paul Léon, mkurugenzi wa sanaa katika serikali ya Ufaransa. Alimweleza kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa juhudi zake mwenyewe, amekusanya mitaa yote ya zamani, milango, ngazi na makanisa. Kwamba anazeeka na hana mrithi. Kwamba anaogopa mkusanyiko huo utaangukia mikononi mwa mtu asiyejua thamani yake. Serikali ilinunua mabamba 2,621 kwa faranga 10,000. Kwa mzee aliyekuwa, kama rafiki yake André Calmettes alivyosimulia, ameishi miaka mingi kwa maziwa, mkate na sukari, zilikuwa fedha nyingi.

Zilimpa uhuru. Katika miaka saba iliyobaki alipiga picha alivyotaka: bustani za Saint-Cloud na Sceaux zilizoachwa zikaota majani, na madirisha ya maduka ya mitaa ya wafanyakazi. Mwaka 1925, katika Avenue des Gobelins, alisimama mbele ya duka la nguo za kiume. Masanamu yamevaa suti zenye vibandiko vya bei, yanatabasamu, na kioo kimebeba miti na majengo ya ng'ambo ya barabara hadi huwezi kusema ni kipi kilicho ndani na kipi kilicho nje.

Mlango wa mbali kidogo katika mtaa wake alikaa Mmarekani Man Ray, mpiga picha wa kundi la wasurealisti. Alinunua picha kadhaa kwa Atget, na mwezi Juni 1926 jarida la kundi hilo likatoa moja kwenye jalada: umati wa watu katika uwanja wa Bastille mwaka 1912, wote wameinua vioo machoni wakitazama kupatwa kwa jua. Atget aliomba jina lake lisiandikwe. Alisema hivyo ni vielelezo tu. Watu huichukua kauli hiyo kama unyenyekevu. Mimi naona ni fahari ya fundi ambaye hakutaka kazi ya miaka 30 iitwe ndoto na vijana waliomgundua juzi.

Msaidizi wa Man Ray alikuwa binti wa Ohio, Berenice Abbott, aliyefika Paris mwaka 1921. Alizipenda picha za mzee yule tangu alipoziona. Mwaka 1927 alimwalika studioni kwake ampige picha, naye Atget akaja amevaa koti zuri ambalo Abbott hakuwahi kumwona nalo. Alikuwa amezoea kumwona na nguo zake za kazi zilizochakaa. Valentine alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na inaonekana usoni. Abbott alipozipeleka picha hizo nyumbani kwake alikuta amekwisha kufa. Alifariki tarehe 4 Agosti 1927.

Mabamba yaliyobaki yalikuwa mikononi mwa Calmettes. Abbott alimfuatilia kwa miezi, na mwaka 1928 akayanunua, zaidi ya elfu moja, pamoja na maelfu ya picha zilizosafishwa. Alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini, hakuwa na fedha. Mwaka 1930 alifanikisha kuchapishwa kwa kitabu cha kwanza cha Atget. Kwa miaka arobaini alihama na makasha ya vioo hivyo kutoka nyumba hadi nyumba, hadi mwaka 1968 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilipoyanunua. Kama angechoka, leo tungekuwa na sehemu tu ya Atget, ile ya milango na makanisa.

Aliporudi New York mwaka 1929 aliona jiji linajibomoa na kujijenga kwa kasi ambayo Haussmann hakuifikia. Akaamua kulifanyia alichofanya Atget. Miaka ya mwanzo alijigharamia. Kuanzia 1935 alilipwa na mpango wa serikali wa kuwapa wasanii kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Naye alibeba kamera kubwa ya miguu mitatu, akasimama Bleecker Street mbele ya dirisha la duka la mikate, Bowery mbele ya mgahawa wa bei rahisi ulioandikwa bei za vyakula kioo kizima. Mradi huo ulitoa picha 305, na kitabu kikatoka mwaka 1939.

Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, kazi nyingine ilianza ambayo haikutajwa kuwa sanaa. Idara ya kodi ilitaka kujua thamani ya kila nyumba. Kwa kutumia vibarua wa mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira, ikatuma wapiga picha wenye kamera ndogo za Leica katika wilaya zote tano, na hadi 1941 walikuwa wamepiga picha kila jengo, zaidi ya 700,000 kwa jumla. Katika kila picha mtu ameweka ubao wenye namba ya bloku na ya kiwanja. Gereji, kanisa la chumba kimoja, kinyozi, nyumba za mbao za Queens, magorofa ya Harlem, vyote kwa kipimo kimoja. Watoto wamejisogeza ili waingie kwenye picha. Mama ameegemea dirishani. Hakuna mtaa uliorukwa kwa sababu ni wa maskini, maana kodi hairuki mtu. Mpango wa mkusanya kodi ulitimiza ambacho mapenzi ya mtu mmoja, hata akiwa Atget, yasingeweza kukitimiza kwa miguu miwili.

Filamu hizo zilibaki katika hifadhi ya nyaraka ya jiji, na mwaka 2018 zote ziliwekwa kwenye mtandao. Watu wanatafuta nyumba aliyozaliwa baba, duka la babu aliyefika kutoka Sicily au Puerto Rico, ukuta waliouchezea mpira kabla barabara kuu haijapita juu yake. Hifadhi inawauzia nakala. Jina la familia halisaidii kitu katika utafutaji huo. Inatakiwa namba ya bloku na ya kiwanja, zilezile za ubaoni.